Aliyeshika Tochi



Wiki hii jumbe za wasikilizaji zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Kijana akiharibika, tumlaumu nani? Mama mmoja wa Nyakahura ameandika kwamba mwanawe alikuwa mwanakwaya mzuri tu mpaka alipozoeana na watu wa malori. Mzee mmoja wa hukohuko akamjibu bila kumung'unya maneno: lori halimvuti mtu shati, mama, kijana alipanda mwenyewe.

Mimi naona wote wawili wamesema kweli. Tunapokosea ni pale tunapoigawa lawama kama ugali wa sinia moja, tukidhani huyu akimega tonge kubwa basi yule atabakiwa na dogo. Lawama haipungui kwa kumegwa. Rafiki mbaya anaweza kuibeba yote, na aliyemfuata akaibeba yote vilevile. Jioni ya leo nataka tulizungumze hilo, tena kwa mambo yaliyotokea hapahapa kwetu Ngara na Biharamulo, maana hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano.

Tuanzie Benaco, pale Kasulo, usiku. Malori ya Kigali yameegeshwa kwa foleni, madereva wamekwenda kulala gesti, vibanda vya chipsi vinafungwa kimoja kimoja. Kijana mgeni, utingo wa siku chache, anaitwa pembeni na mkubwa wake. Haambiwi aibe. Anaambiwa, "Dogo, nishikie tochi hapa." Anashika. Mbele yake mpira unaingizwa kwenye tangi, mwenzake anavuta kwa mdomo, anatema, dizeli inaanza kuteremka kwenye dumu la njano la lita 20. Asubuhi kuna supu na chapati mbili, na noti kidogo mfukoni. Usiku mwingine anashika mpira. Baadaye anakuja na dumu lake. Ukimuuliza ni lini aliamua kuwa mwizi, atakuapia kwamba hakuna siku kama hiyo maishani mwake. Na hatakuwa anakudanganya. Ile siku aliyoshika tochi hakuihesabu kuwa uamuzi.

Hivyo ndivyo watu wanavyoingia ndani yetu. Siku ya kwanza hawauombi moyo wako, wanaomba mkono tu, kwa shughuli ndogo ambayo kuikataa kunaonekana ni ukorofi au uoga. Nani anakataa kushika tochi?

Watu wa Ngara wana sababu ya kulijua hili kuliko Watanzania wengine wengi. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, lilisema halijawahi kuona umati mkubwa namna ile ukivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Darajani askari wetu walikuwa wakiwanyang'anya mapanga, wakayarundika kando ya barabara mpaka yakawa kichuguu. Chini ya daraja, kwenye maporomoko, mto ulikuwa ukishusha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Wiki chache baadaye Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, pakawa kambi kubwa kuliko zote duniani, na wenyeji wa Ngara wakawa wachache ndani ya wilaya yao wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Wengi waliovuka hawakuwa wauaji. Walikuwa akina mama, watoto, wazee, watu waliokuwa wakikimbia vita na kukimbia hofu. Na hapo hasa ndipo somo lilipo. Watu walipangwa kambini kwa komuni zao, yaani maeneo yao ya utawala, kama walivyokuwa wakiishi nyumbani. Kwa mtoa msaada huo ulikuwa urahisi mkubwa, kwani anakuta orodha ipo, viongozi wapo, foleni inapangika. Lakini wapo viongozi waliosimamia mauaji ya kimbari ya Rwanda wiki chache nyuma, na sasa ndio haohao waliokuwa wakisimamia unga na maharage. Ukitaka kula, unakaa upande wao. Ukitaka kurudi kwenu, unawaaga wao, na kuwaaga kulikuwa ni kuhatarisha maisha. Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ufaransa, waliona hali hiyo na hatimaye wakafungasha wakaondoka kambini, wakisema msaada wao unawapa wauaji nguvu.

Juni 1994 palitokea jambo moja ambalo kwangu lina mafunzo kuliko semina nyingi za malezi. Kambini alikuwapo Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi huko mashariki mwa Rwanda, akituhumiwa kwa mauaji mazito. Ilipotakiwa aondolewe kambini, maelfu ya watu walijitokeza wakawazingira watoa misaada, wengine wakiwa na mapanga na marungu, wakimtetea. Maelfu! Hebu tufikirie mtu mmoja tu katika umati ule, baba wa watoto watatu, hajawahi kumgusa mtu. Jirani wa turubai la pili anatoka mbio anamwita: "Twende, wanataka kumchukua mkubwa wetu." Akibaki, kesho ataulizwa alikuwa wapi. Anavaa kandambili anatoka. Ile hatua ya kutoka nje ya turubai ni ya nani? Ya jirani aliyemwita? Ya Gatete? Ya njaa? Zote zimo, sikatai. Lakini miguu ilikuwa yake.

Gatete alikamatwa mwaka 2002 huko Kongo Brazzaville, akahukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha. Mwaka 2011 alipewa kifungo cha maisha, na rufaa ya mwaka 2012 ikakifanya miaka 40. Ule umati haukushtakiwa. Umati hauna anwani. Ukitawanyika, kila mmoja anarudi nyumbani na jina lake safi, akisimulia walivyofanya watu.

Desemba 1996 mkasa ukajirudia kwa sura nyingine. Serikali yetu ilitangaza mwanzoni mwa mwezi kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Viongozi wa kambi wakaamua vingine, na katikati ya mwezi mamia ya maelfu wakabeba magodoro na sufuria wakaelekea mashariki, ndani ya Tanzania, kwa kuwa waliokuwa mbele walielekea huko. Jeshi likawageuza, na siku zile barabara ya Rusumo ilifurika tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Karibu nusu milioni walirudi. Wapo waliokuwa wakitaka kurudi siku zote, ila hawakuwa wamepata wa kutangulia naye.

Sasa niseme kuhusu chombo hiki unachokisikiliza, kwa sababu ningekuwa mnafiki kuongelea ushawishi nikaruka redio. RTLM, redio iliyowachochea watu wa Rwanda, ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Wanaodhani ilikuwa ikinguruma matusi asubuhi mpaka jioni wanakosea. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wacheshi, mizaha ya kijiweni, salamu kwa wasikilizaji. Vijana waliishika kwa ajili ya muziki. Sumu iliwakuta wameshakaa, wamestarehe, wanacheka. Mtu ukishacheka pamoja na wengine kumcheka jirani yako, kuna kitu umeshakitoa mkononi, na kukirudisha ni kazi.

Miongoni mwa watangazaji wake alikuwamo mzungu, Georges Ruggiu. Huyu ndiye anayenisumbua kichwa kila nikiwaza habari ya marafiki. Mama yake Mbelgiji, baba yake Mwitaliano, yeye alizaliwa na kukulia Ubelgiji. Hakuwa na ndugu Rwanda, hakuwa na shamba la kugombea, hakuwa na babu aliyeonewa na babu wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Liège, akawa na majirani Wanyarwanda, wanafunzi, na baadhi ya marafiki aliowapata kwa njia hiyo walikuwa wafuasi wa chama tawala cha wakati ule. Mazungumzo ya jirani, chakula cha pamoja, mikutano midogo. Mwishoni mwa 1993 akahamia Kigali, na Januari 1994 yuko kwenye maikrofoni ya RTLM, akitangaza kwa Kifaransa. Baada ya vita alikimbia, akaishia Kenya, akasilimu, akakamatwa Mombasa Julai 1997. Mwaka 2000 alikiri makosa mbele ya majaji wa Arusha, akakubali kwamba wapo waliokufa na kwamba matangazo yake yana uhusiano na vifo hivyo. Akapewa miaka 12.

Angekuwa amepanga chumba mtaa mwingine pale Liège, pengine leo angekuwa mzee anayepokea pensheni Ubelgiji, hakuna anayemjua. Hayo ni kweli kabisa, na wanaosema mazingira ndiyo yanayomtengeneza mtu wasikose kuyataja. Ila kuna watu wengine waliokaa na majirani walewale, wakala chakula kilekile, wakaaga wakaenda makwao kulala. Majirani wa Liège walimpa maneno. Kukata tiketi ya ndege alikata yeye.

Na msikilizaji angalia jinsi mahakama ile ilivyofanya. Desemba 2003 iliwatia hatiani wenye maneno: Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti. Na katika kesi nyingine iliwatia hatiani wenye mikono. Hakuna jaji aliyesema kwamba kwa kuwa mchochezi amefungwa, basi aliyechochewa aende nyumbani. Mzee wa Nyakahura na mama wa Nyakahura, wote wangepata haki yao pale.

Huku Ngara mwaka 1995, Wajesuiti kupitia shirika lao la kuhudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera, kwa ajili ya wakimbizi na sisi tuliowapokea. Maikrofoni ilikuwa chombo kilekile kilichotumika ng'ambo. Kilichobadilika ni waliokaa mbele yake, na walichokubaliana kusema.

Kuna bibi mmoja ningependa umfahamu. Zura Karuhimbi, wa Ruhango huko Rwanda, aliyefariki Desemba 2018 akiwa na umri ambao hata yeye hakuwa na hakika nao. Alizaliwa katika ukoo wa waganga wa jadi, na kijijini kwake watu walimwogopa kwa uchawi. Mwaka 1994 aliwaficha watu zaidi ya mia moja kwenye nyumba yake ndogo na shambani. Wauaji walipofika, alijipaka mikononi dawa za miti zinazowasha, akawagusa, akatikisa bangili zake, akawaambia wakiingia watajiletea laana ya Mungu na ya mizimu. Vijana wenye mapanga, waliokuwa wameshaua, wakarudi nyuma kwa kumwogopa ajuza. Mwenyewe alisimulia kwamba katika machafuko ya mwaka 1959 alimwona mama yake akisaidia watu, na akafundishwa na mama huyo namna ya kumficha mtoto.

Kwa hiyo naye aliathiriwa! Wema wake haukudondoka kutoka mbinguni. Aliurithi, aliuona, alifundishwa nyumbani. Hata silaha aliyoitumia, yaani ile sifa ya uchawi, alipewa na majirani, na wala haikuwa sifa nzuri. Aliichukua kama ilivyo akaipa kazi nyingine. Nikimfikiria bibi huyu naona ule ubishi wa je, ni malezi au ni hiari, unapwaya. Alilelewa vizuri, na siku ile bado ilimbidi asimame mlangoni.

Turudi kwetu, maana kusema ya Rwanda ni rahisi, mto uko katikati. Sisi wa Ngara na Biharamulo tuna kisingizio chetu tunachokipenda. Miaka ile ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, wakati mabasi yalipokuwa yakisubiri askari wa kuyasindikiza yapite misitu ya Biharamulo, kila tukio la utekaji tulisema ni watu wa kambini, ni wageni, sisi hatukuwa hivi. Bunduki nyingi zilitoka ng'ambo, hilo silipingi. Lakini jambazi mgeni atajuaje ni basi lipi limepanda mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye pesa za mnada? Atajuaje njia ya kutokea porini usiku? Lazima awepo mwenyeji wa kumnong'oneza. Huyo mwenyeji alikuwa na mama, na mama huyo mpaka leo anasema mwanangu aliharibiwa na wakimbizi. Aliharibiwa, ndiyo. Na alinong'ona.

Sasa kuna upande ambao hatuusemi sana. Tunazungumza ushawishi kana kwamba ni mvua, unakukuta uwanjani ukiwa huna mwavuli. Mtu anaweza kuutafuta. Anaweza kwenda kwa makusudi kukaa na watu ili wambadilishe.

Wakatoliki wa Rulenge wanamkumbuka Baba Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia 1969 hadi 1996. Azimio la Arusha la 1967 lilipokuwa bado moto, na viongozi wengi wakilisifia majukwaani wakiwa wamevaa viatu safi, yeye alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akawa analima pamoja na wanakijiji. Askofu! Sijui kama vijana wa leo mnaelewa uzito wake. Zama zile askofu alikuwa mtu wa kupigiwa magoti kubusiwa pete, halafu unamkuta kwenye tuta na jembe, kando yake mama mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa akifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu si la kufumbuliwa darasani, ni la kuishi kwa kushirikiana. Wapo mapadri waliomwona amepotea. Mimi, nisiye mwanateolojia, naona alielewa jambo la kawaida kabisa: kwamba mahubiri yako mwenyewe hayakubadilishi, wanakubadilisha wale unaolima nao, wanaokuona ukichoka na kukasirika.

Tena tazama ulinganisho huu. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa amri, pengine kwa malori, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Walikaa karibu karibu kama watu wa Nyabihanga. Majirani walikuwapo, shamba la pamoja lilikuwapo, mwenyekiti alikuwapo. Tabia ya ujamaa haikuja. Amri ilipolegea, kila mmoja aliangalia alikotoka. Huwezi kumsukumia mtu kundi jema ukategemea liingie ndani yake hivihivi. Jema nalo linaomba mkono, kama baya.

Haya, wazazi. Biharamulo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulifunguliwa 2005 na kampuni ya nje, mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika letu la madini, STAMICO, na pembeni kuna wachimbaji wadogo wasiohesabika. Vijana wanamaliza darasa la saba au kidato cha nne wanaingia maduarani. Siwaambii muwazuie, wengine ada za wadogo zao zinatoka humohumo. Ninachokiona ni hiki: kijana akirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, swali la kwanza ni amepata ngapi. La pili ni lini anarudi. Hakuna anayemuuliza anapika na nani, analala turubai moja na nani, wakipata gramu chache huwa wanakwenda wapi kwanza, nani anayeshika pesa ya kundi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha mwanao atakuwa mtu gani ukikutana naye mwakani. Na muulizeni kwa sauti ya kawaida, jioni, akila. Ukimuuliza kipolisi atakujibu kipolisi.

Nanyi vijana wa bodaboda pale Nyakanazi, mlioniandikia kwamba nawasema vibaya: kijiwe chenu nakijua, kina mwenyekiti, kina mfuko wa msiba, na mwenzenu akipata ajali mnachanga siku hiyohiyo. Mtu anaweza kufundishwa uungwana pale kuliko shule nyingine za bweni. Lakini pia nimekuona wewe, kaka mkubwa wa kijiwe, ukimwita mgeni wa juzi akafuate kifurushi asichokijua, kwa mtu asiyemjua, saa nne usiku. Yeye ana miaka 18. Anakuona wewe ndiye mtu mzima wa karibu. Hajui anaombwa nini. Wewe unajua.

Fundi mitambo ananionyesha saa, taarifa ya habari iko mlangoni. Jumbe zenu zitumeni kwa namba ileile, na mkiandika wekeni jina la kijiji, jina lenu si lazima. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa na afisa mifugo kuzungumzia chanjo za ng'ombe kabla ya mvua.